Vichwa Tisa Nukta Mbili

Kati ya Igundu na Uyole kuna kilomita thelathini na moja. Basi la kwanza liliondoka Igundu saa kumi na moja alfajiri na kufika Uyole saa kumi na mbili na dakika ishirini, au ishirini na tano kukiwa na matope. Hapo nilibadili gari, na kabla ya saa moja na nusu nilikuwa nimesimama juu ya mizani hospitalini, mlangoni mwa chumba cha kusafishia damu. Saa moja na nusu ndipo zamu ya kwanza inaanza. Mgonjwa asipokuwepo kitanda chake anapewa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi kuliko mashine. Basi la pili kutoka Igundu liliondoka saa tatu.

Figo zangu zilishindwa miaka miwili iliyopita. Nilipangiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Bima ya wastaafu inalipia mashine. Mke wangu, Tumpe, alisafiri nami kwa sababu nikitoka pale miguu hainibebi vizuri. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa takwimu kwenye mashamba ya majaribio ya Uyole kwa miaka ishirini na tisa. Nilihesabu mashina kwa kila mstari, mahindi kwa kila shina, na punje kwa kila hindi.

Mabasi ya huku kwetu ni ya Ushirika wa Usafiri wa Nyanda, ambao wanachama wake ni wakulima wenyewe. Una mabasi kumi na matatu, safari kumi na tisa kwa siku, na ofisi Iringa. Mwezi wa tano ilikuja barua ikasomwa kanisani na msikitini na kubandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Mafuta yamepanda, vipuri vimepanda, kwa hiyo safari yoyote yenye wastani wa chini ya abiria kumi na wanane itaondolewa kuanzia tarehe mosi Julai. Watu wa Igundu walisoma na kwenda zao. Basi letu la alfajiri lilikuwa likijaa mpaka mlango haufungi. Hakuna aliyeona kwamba barua ile inatuhusu.

Mabasi haya hayakati tiketi. Dereva na konda hupeleka ofisini kiasi kilekile kila jioni, basi liwe limebeba watu kumi au sitini. Kwa hiyo Ushirika wenyewe haukujua mabasi yake yanabeba watu wangapi, ikabidi uhesabu.

Aliyeajiriwa kuhesabu aliitwa Didas. Kwa siku kumi za kazi alisimama kwenye tuta la Igawilo, mahali ambapo kila gari linaloshuka kutoka milimani lazima lipunguze mwendo. Alivaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kwa ajili ya usalama wake. Mkononi alishika ubao wenye karatasi. Abiria hawakuambiwa kitu.

Kwenye njia yetu mtu wa kizibao cha njano ana maana moja tu.

Konda wa basi la kwanza alikuwa Gwakisa, mtoto wa dada yangu. Siku ya kwanza alimwona Didas kutoka mbali, akapiga bati la mlango.

"Chini, chini, chini! Trafiki huyo! Mama, punguza kilemba! Wewe mrefu wa nyuma jikunje, dari hujalipia!"

Waliosimama walichuchumaa. Hilo lilikuwa la kawaida. Lakini waliokaa nao waliinama, na hili linahitaji maelezo. Basi lina viti vya watu ishirini na sita. Kwenye kiti cha wawili walikaa watatu, na kati ya hao watatu hakuna aliyejua nani ni wa ziada. Kuulizana kungekuwa kukoseana adabu. Kwa hiyo waliinama wote watatu, wakasalimiana huko chini, wengine wakacheka. Waliobaki wima walikuwa wazee wasioweza kukunja migongo, akina mama wenye watoto mgongoni, waliosinzia, na mimi. Nilikaa mbele, karibu na dereva, nyuma ya kioo. Pale hakuna pa kujificha, na isitoshe kiti kilikuwa changu kihalali.

Siku ya tano ya hesabu ile ilikuwa Ijumaa. Basi lilipanda tuta polepole, nikaona karatasi ya Didas kwa sekunde tatu au nne. Ilikuwa na mistari minne ya wima na wa tano umeikata. Nilichora mistari hiyo miaka ishirini na tisa.

"Gwakisa," nilimwambia tulipofika Uyole. "Yule si trafiki. Anahesabu abiria. Ni mtu wa Ushirika."

"Sasa anayehesabu si ndiye mbaya zaidi, Mjomba? Trafiki anaangalia tu. Huyu anaandika."

"Anahesabu ili waamue safari gani ziondolewe."

"Hii? Waondoe hii?" Alicheka, akawageukia wapagazi. "Mnamsikia mjomba wangu? Eti waondoe hii!"

Kutoka Uyole kurudi kwenye lile tuta ni kilomita chache. Ningeweza kurudi nikazungumza na Didas. Saa ilikuwa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili, na zamu ilinisubiri. Sikurudi. Nilifikiri pia kwamba mtu mzima hawezi kuona basi la watu tisa likivuka tuta huku springi zimelala asijiulize. Nilikosea. Baadaye Didas aliniambia kwamba aliziona zile springi, akadhani ni viazi.

Mkutano uliitishwa Alhamisi ya katikati ya Juni, kwenye ghala la pareto. Alhamisi si siku yangu ya mashine, kwa hiyo nilikuwa na nguvu kidogo. Walikuja watu mia moja na kumi na wanne. Gwakisa alisimama mlangoni, mgongo wake ukiwa umeegemea gunia.

Aliyekuja kutoka Iringa ni Bi Severina, ofisa mipango wa Ushirika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ndogo na karatasi zilizopangwa vizuri. Alitusalimia, akatushukuru, akasoma jedwali bila kuruka mstari. Safari saba kati ya kumi na tisa zilikuwa chini ya kumi na nane. Yetu ilikuwa ya mwisho kabisa.

"Igundu, saa kumi na moja alfajiri. Wastani, tisa nukta mbili."

Ghala zima liliongea kwa pamoja.

"Tisa?" Isakwisa, ambaye hupeleka viazi sokoni Uyole, alisimama juu ya mizani ya ghala ili aonekane. "Dada yangu, hata kuku kwenye basi ile wanazidi tisa! Hiyo nukta mbili ndiyo nani? Mguu wangu?"

Watu walicheka sana. Bi Severina alisubiri.

"Umewahi kupanda lakini?" mwanamke mmoja alimuuliza.

"Sijawahi, mama. Ndiyo maana tulihesabu." Aliweka kidole kwenye jedwali. "Naomba mnisaidie. Mnasema basi linajaa. Mhesabuji wetu aliona vichwa tisa, siku kumi mfululizo. Hao wengine walikuwa wapi?"

Mtu alipiga chafya, halafu mwingine. Vumbi la pareto hufanya hivyo.

Nilisimama. Tumpe alinishika koti, si kwa kunizuia, ila kwa kuhofia nisianguke.

"Naitwa Asukile," nilisema. "Nasafiri na basi hilo siku tatu kwa wiki. Katika siku kumi za hesabu nilisafiri siku sita. Idadi ndogo kabisa niliyohesabu mimi ilikuwa thelathini na nane. Kubwa ilikuwa arobaini na saba. Siku nne nyingine sina taarifa nazo."

"Na kwa nini mhesabuji hakuwaona, mzee?"

"Waliinama. Walidhani ni trafiki."

"Kwa nini waliinama?"

Nilijua swali hilo linakuja. Nilikuwa nimelipima tangu Ijumaa ile. Gwakisa anamlisha dada yangu, ambaye macho yake yamekwisha. Kwa upande mwingine kulikuwa na mashine. Sikuona namna ya kujibu ambayo ingekuwa kweli na bado ikamwacha nje.

"Kwa sababu walizidi viti."

Bi Severina aliandika, akaiweka kalamu chini.

"Niwaeleze wote ili asiwepo wa kusema hakujua," alisema. "Kama viti ishirini na sita vilikuwa na watu, safari hii inabaki. Nitarekebisha jedwali hapahapa, mbele yenu. Lakini siwezi kulirekebisha kwa neno la mtu mmoja. Nahitaji waliokuwemo ndani wajitokeze niwaorodheshe. Na waliozidi viti nitawaandika pia, kwa sababu siwezi kuandika nusu. Hilo litakwenda kwa wanaohusika na leseni, na konda atasimamishwa kazi. Sasa naomba walioinama wanyooshe mikono."

Nilitazama ghala. Nilikuwa nimewaona wengi wao huko chini, paji la uso kwenye goti la jirani. Kulikuwa na yule mama wa kilemba, na yule mrefu wa nyuma, mwalimu wa shule ya msingi. Isakwisa alikuwa amechuchumaa siku zote sita, ameshika ndoo ya maziwa ya watu. Walitazama mlangoni alikosimama Gwakisa, kisha wakamtazama Bi Severina.

Ni lazima niseme Gwakisa alikuwa nani kwao. Alibeba dawa zao kutoka mjini bila kuzipoteza. Alisimamisha basi dakika ishirini kumsubiri mjamzito ashuke mlima. Aliyekosa nauli alimpandisha, akamkumbusha wiki iliyofuata kwa utani.

"Mimi kuinama?" Isakwisa alisema. "Labda siku ile nafunga viatu."

"Wewe una ndala!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikarudi.

"Basi nilikuwa nazifunga ndala! Dada, hatukuinama. Tulikaa wima kama watu wa harusi. Huyo mtu wenu mpelekeni kwa daktari wa macho."

"Na maneno ya mzee?"

Isakwisa alinigeukia. Uso wake ulikuwa na huruma, naamini ilikuwa ya kweli.

"Tumsamehe mzee wetu. Ile mashine inamvuta damu mpaka ya kichwani. Ndaga, tata, ahsante baba, kaa upumzike."

Mashine haivuti damu ya kichwani. Inatoa damu kwenye mshipa wa mkono, inaichuja, inairudisha palepale. Niliketi.

Bi Severina alirudia swali mara ya pili na ya tatu. Alikuwa mtu wa haki. Mimi sikunyoosha mkono kwa sababu sikuinama. Mara ya tatu nilisikia kanga ikisogea kando yangu. Tumpe alikuwa ameinua mkono wake.

"Mimi niliinama," alisema. "Siku sita."

"Ulikuwa umezidi kiti, mama?"

"Nilikuwa na kiti changu. Nyuma ya mume wangu."

"Sasa uliinama kwa nini?"

"Wenzangu waliinama."

Watu hawakucheka sana safari hii. Bi Severina alimwandika. Siku sita kwa siku kumi ni sifuri nukta sita. Wastani ulifika tisa nukta nane. Alilisahihisha jedwali kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi pembeni kama alivyoahidi.

"Ripoti inafungwa kesho saa kumi na moja jioni," alisema mwishoni. "Atakayekuwa na la kuongeza, namba yangu iko chini ya barua. Nalala Uyole leo."

Walitoka wakiwa wachangamfu. Nilisikia mtu akisema wamemshinda yule mama wa Iringa. Mwingine akasema watu mia moja wamekaa kwenye mkutano, Ushirika umeona kwa macho yake, nani tena ataondoa basi? Gwakisa alipigwa mabega na kila aliyepita. Alipobaki peke yake alikuja tulipokaa.

"Mjomba. Ungenimaliza leo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshaamua?"

"Ndiyo."

"Na mama je?"

"Nilimfikiria. Nikaona mashine kwanza."

Alitikisa kichwa kwa muda, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakuonekana kukasirika. Tumpe alimpa namba ya Bi Severina, ameiandika kwenye kipande cha boksi. Gwakisa alikikunja akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Shangazi, nitaona," alisema.

Njiani kwenda nyumbani Tumpe alitembea mbele kidogo kwa sababu ya utelezi.

"Ungemfukuzisha mtoto wa dada yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimenyoosha mkono."

"Niliona."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulipanda basi la alfajiri. Gwakisa alitusalimia, akaniwekea mto wa kiti, akaimba majina ya vituo. Niliporudi mchana nilimkuta Uyole anapakia magunia. Boksi lile lilikuwa bado mfukoni, pembe yake inaonekana. Sikumuuliza kitu. Nilichohitaji kukisema nilikuwa nimekisema mbele ya watu mia moja na kumi na wanne. Saa kumi na moja jioni nilikuwa kitandani, nikaitazama saa ya ukutani ikipita kumi na moja. Ilipofika saa kumi na mbili Tumpe aliniletea uji.

Tarehe mosi Julai ilikuwa Jumanne. Basi la alfajiri halikuwepo. Watu kama thelathini walikuja kituoni na mizigo yao, wakasubiri mpaka saa moja. Isakwisa alipiga simu namba ya ofisi mara nyingi. Tumpe alikuwa ameenda kuangalia, naye ndiye aliyeniambia. Alisema walikuwa wakiulizana nani amewachongea.

Basi lenyewe lilihamishiwa njia ya Ubaruku pamoja na dereva na Gwakisa. Alikuja kutuaga akiwa amevaa shati jipya.

"Huko joto, Mjomba. Na watu wa huko hawajui utani."

"Utawafundisha."

Baada ya wiki mbili alituma mchele kilo ishirini, mchele mzuri wa huko, haukatiki. Dada yangu anapata wake pia kila mwezi. Kwa hiyo kazi ya Gwakisa ipo, na dada yangu anakula. Hayo yanatakiwa kuandikwa upande wa pili.

Hospitalini nilizungumza na Batuli, muuguzi wa zamu yetu, ambaye hupenda kuambiwa jambo moja kwa moja. Nilimwambia gari langu linalofaa halipo tena. Bodaboda kwa kilomita thelathini na moja za baridi ile, na mwili huu, nilikuwa nimejaribu mara moja. Niliteremshwa nimekakamaa, nikachelewa dakika hamsini, kitanda kikawa na mtu.

"Hamia mjini, mzee."

"Ng'ombe wawili na shamba vina mtu mmoja tu, ni mke wangu. Na chumba sina."

Alifungua daftari la zamu. Zamu ya pili inaanza saa sita, basi la saa tatu linaiwahi. Ilikuwa imejaa isipokuwa Jumanne na Ijumaa. Inamalizika saa kumi na nusu, na basi la mwisho la kupanda Igundu linaondoka Uyole saa kumi kamili. Kwa hiyo ningelala Uyole mara mbili kwa wiki, kwenye korido ya binamu yake Tumpe, ambaye hakuweza kunipokea zaidi ya hapo.

"Lakini mara mbili si mara tatu," Batuli alisema. "Nikwambie au unajua?"

"Najua."

"Niambie unachojua."

Nilimwambia. Maji yanabaki mwilini, moyo unayabeba, na moyo una kikomo chake. Alisema ndiyo, hivyohivyo. Aliniuliza kama niandikwe. Nilisema niandikwe. Akapiga mstari juu ya jina langu kwenye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwenye nafasi ya Jumatatu akaandika jina la mtu mwingine palepale, bila kufunga kalamu. Aliyeandikwa alikuwa mwanamke wa Tukuyu, wa miaka thelathini na miwili.

Mwezi wa tisa Ushirika ulituma barua ya pili. Wastani wa abiria kwa kila safari umepanda kutoka kumi na tisa hadi ishirini na sita, hivyo mpango umefanikiwa na unaendelea. Nimeipitia hesabu hiyo na sikuona kosa.

Jumanne iliyopita nilipanda mizani. Batuli aliandika namba, akatoa uzito wangu mkavu, ule wa mwili usio na maji ya ziada, akaangalia jibu, akatoa tena kwa kalamu nyingine.

"Kilo tano na gramu mia mbili za maji, mzee. Mashine haiwezi kuyatoa yote leo."

"Yatoe yanayotoka."

"Yatakayobaki?"

"Yatasubiri Ijumaa."

Alinionyesha kitanda cha dirishani, kwa sababu cha kwangu kilikuwa kinatengenezwa. Tumpe hakuwepo, ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Nilivua koti, nikakunja mkono wa shati, nikalala. Batuli alitafuta mshipa kwa kidole, akaupata mara ya kwanza, akawasha mashine.